TYUNA NA NYUZI: KULINGANISHA GITAA NA NYATITI

Je, umewahi kuketi katika ukumbi wa mashindano ya muziki, ukaona kikundi kimepanda jukwaani, waimbaji wamevaa wakapendeza, ngoma zinalia sawasawa, lakini kuna kitu kinakukera masikioni kama punje ya mchanga ndani ya wali? Mara nyingi kitu hicho ni uzi mmoja tu. Uzi mmoja uliolegea kidogo, au uliokazwa kupita kiasi, unatosha kuharibu kazi ya watu thelathini waliofanya mazoezi muhula mzima.

Mimi ni mpigaji gitaa wa kikundi chetu cha shule, na tangu mwaka jana ndimi niliyepewa kazi ya kulinganisha nyuzi. Cheo hicho sikukiomba. Nilipewa kwa sababu ndimi niliyekuwa na tyuna. Tafadhali lisome neno hilo kwa makini, maana mwenzetu mmoja alipoulizwa na mwalimu, "Mna kitu gani cha kulinganishia nyuzi?" alijibu, "Tuna tuna," na chumba kizima kikaangua kicheko.

Sasa tyuna ni kitu gani? Ni chombo kidogo cha umeme kinachosikiliza sauti ya uzi na kukuambia kama iko juu, iko chini, au iko sawa. Kuna aina kadhaa. Kuna ile ya kisanduku, ambayo ina maikrofoni ndogo na unaiweka mezani mbele ya gitaa. Kuna ile ya kubana, inayofanana na kibanio cha nguo, ambayo unaibana kwenye kichwa cha gitaa. Siku hizi hata simu zina programu ya kazi hiyo hiyo, lakini shuleni kwetu simu haziruhusiwi, kwa hivyo hizo nitaziacha. Yangu ni ya kubana, na inatumia betri moja ya duara, bapa kama sarafu.

Usidhani kuna uchawi ndani yake. Ukipiga uzi, unatetemeka huku na huku mara nyingi sana katika sekunde moja. Uzi mnene na mlegevu hutetemeka mara chache, nasi husikia sauti nzito. Uzi mwembamba uliokazwa hutetemeka mara nyingi, nasi husikia sauti nyembamba. Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja huitwa hezi. Basi tyuna ya kubana hupokea mtetemo kupitia mbao za gitaa, ikaugeuza kuwa umeme mdogo, halafu kompyuta ndogo iliyo ndani yake ikahesabu. Kuhesabu tu! Kisha inatazama ni herufi gani ya muziki iliyo karibu zaidi na hesabu hiyo, ikakuonyesha kwenye kioo, pamoja na mshale unaosema umekosea kwa kiasi gani.

Hesabu hiyo lazima ianzie mahali fulani, na mahali hapo ni sauti ya A yenye hezi 440. Zamani kila mji wa Ulaya ulikuwa na A yake, na mpiga fidla akihama mji alilazimika kukaza au kulegeza nyuzi. Mwaka 1939 wajumbe wa nchi kadhaa walikutana London wakakubaliana juu ya 440, na Shirika la Kimataifa la Viwango likaithibitisha mwaka 1955 na tena 1975. Kabla ya vyombo vya umeme watu walitumia uma wa chuma wenye meno mawili, ambao unaugonga ukalia sauti moja tu isiyobadilika. Uma huo ulibuniwa mwaka 1711 na Mwingereza John Shore, aliyekuwa mpiga tarumbeta. Tyuna kubwa ya umeme iliyoitwa Stroboconn ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1936, na hiyo haikuwa ya kutia mfukoni hata kidogo.

Basi tulishike gitaa. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Kuanzia ule mnene kwenda ule mwembamba, herufi zake ni E, A, D, G, B, E. Mimi nilipokuwa nikijifunza nilizisahau kila siku mpaka nikajitungia sentensi: Enda Alfajiri Dukani, Gawia Baba Embe. Toka siku hiyo sijasahau. Kwa hezi, uzi mnene ni 82.4, kisha 110, 146.8, 196, 246.9, na ule mwembamba kabisa 329.6. Ukitazama vizuri utaona kwamba 329.6 ni mara nne ya 82.4. Ndiyo maana nyuzi hizo mbili zina herufi moja, E, ingawa mmoja unanguruma kama fahali na mwingine unalia kama ndege.

Hapa ndipo wengi hupotea. Tyuna nyingi huonyesha herufi tu, hazisemi kama ni E ya chini au E ya juu. Ukiwa na uzi mpya uliolegea kabisa unaweza kuukaza, ukaukaza, herufi sahihi ikapita bila wewe kuiona, ukaendelea kuikimbiza kule juu. Uzi hautakuonea huruma. Utakatika paa! na kukuchapa mkononi. Kwa hivyo kwanza tumia masikio yako, ufike karibu, ndipo uitazame tyuna.

Njia ninayoifuata mimi ni hii. Ninaiwasha tyuna na kuhakikisha kwenye kioo kuna 440, maana tyuna nyingi zina kitufe cha kubadilisha namba hiyo, na ukikibonyeza bila kujua inaweza kuwa 438 au 443, gitaa lako likapatana nalo lenyewe lakini lisipatane na kinanda. Kisha ninaufunika kila uzi kwa kiganja isipokuwa ule ninaoutaka, kwa sababu nyuzi nyingine huitikia zenyewe na kuichanganya tyuna. Ninapiga kwa kidole gumba, polepole. Ukipiga kwa nguvu sauti huanza juu kidogo halafu hushuka, na mshale huruka kama panzi. Ngoja kama sekunde moja utulie, ndipo usome.

Mshale ukiwa kushoto, sauti iko chini, kaza. Ukiwa kulia, iko juu, legeza. Lakini usilegeze mpaka kati ukaacha hapo. Legeza ipite chini kidogo, halafu upande polepole kwa kukaza mpaka mshale usimame wima na taa igeuke kijani. Sababu yake ni kwamba vigingi vya kuzungushia vina meno, na meno hayo yana nafasi kidogo kati yake. Ukimaliza kwa kulegeza, uzi unabaki na ulegevu uliojificha, na ukipiga nyimbo mbili tu unashuka wenyewe. Ukimaliza kwa kukaza, unashikilia.

Ukimaliza nyuzi zote sita, rudi tena kwa ule wa kwanza. Najua inachosha, lakini nyuzi sita zinavuta shingo ya gitaa kwa nguvu, na ukibadilisha mvuto wa nyuzi tano za mwisho, ule wa kwanza utakuwa umehama. Nyuzi mpya ndizo sumbufu zaidi, maana zinaendelea kunyooka kwa siku mbili au tatu. Usiweke nyuzi mpya asubuhi ya mashindano, hata kama zile za zamani zina kutu.

Halafu kuna kosa la rafiki yangu mmoja, ambalo nimeahidi kutomtaja jina. Alikuwa akipiga uzi wa nne, macho kwenye tyuna, mkono ukizungusha. Mshale haukusogea. Akazidi kuzungusha. Haukusogea. Akaanza kuilaumu tyuna yangu kwamba imekufa betri. Kumbe alikuwa anazungusha kigingi cha uzi wa tatu! Tulijua ulipokatika. Kwa hivyo kabla hujazungusha chochote, ufuate uzi kwa kidole mpaka juu uone umefungwa wapi.

Labda utaniuliza, wale wazee waliopiga gitaa miaka yote bila tyuna walifanyaje? Walitumia masikio, na njia yao unapaswa kuijua kwa sababu betri huisha. Unabana uzi wa sita kwenye chuma cha tano cha shingo, unapata A, unaulinganisha na uzi wa tano ukiwa wazi. Unaendelea hivyo hivyo kushuka, isipokuwa kutoka uzi wa tatu kwenda wa pili, ambapo unabana chuma cha nne. Sauti mbili zikikaribiana lakini hazijafanana, utasikia kama wimbi linalopanda na kushuka: wou, wou, wou. Wimbi hilo ni hesabu kamili. Uzi mmoja ukiwa hezi 110 na mwingine 112, utasikia mawimbi mawili kila sekunde. Kadiri unavyokaribia, mawimbi yanapungua, mpaka yanyamaze. Shida ya njia hii ni kwamba kosa dogo la uzi wa kwanza linahamishiwa kwa wa pili, nao unalipitisha kwa wa tatu kama umbea wa mtaani, na likifika mwisho limekuwa kubwa.

Sasa tuongee habari ya senti. Senti hizi hazinunui mandazi. Kati ya sauti moja ya kinanda na ile iliyo jirani yake kabisa, nafasi imegawanywa mara 100, na kila kipande kinaitwa senti. Kwa hivyo kutoka A hadi A inayofuata juu yake kuna senti 1200. Ule mshale wa tyuna huhesabu senti. Watu wengi hawatambui kosa la senti mbili au tatu, lakini likizidi kuwa kubwa hata mtu asiyejua muziki hukunja uso bila kujua kwa nini.

Kipimo hiki kilibuniwa na Mwingereza Alexander Ellis katika miaka ya 1880. Na hakukibuni kwa ajili ya kinanda. Alikibuni kwa sababu alikuwa anapima ala za watu wa nchi mbalimbali duniani, akakuta sauti zao haziangukii kwenye sauti za kinanda cha Ulaya. Laiti ningalijua jambo hilo mwaka jana.

Mwaka jana kikundi chetu kiliandaa wimbo wa kienyeji wenye nyatiti. Kwa wasiojua, nyatiti ni ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda kifupi, nyatiti ikilala ubavuni pake, na kidole gumba cha mguu kina pete ya chuma ya kugongea mdundo. Wanaopenda benga wasikilize gitaa lake vizuri, maana mtindo wa kudonoa nyuzi zile ulitokana na nyatiti. Aliyetufundisha ni mzee mmoja wa karibu na shule, anayeheshimika sana kwa kazi hiyo. Alikuwa akija baada ya masomo, anakaa, anazungusha zile pete za kitambaa zilizo kwenye mti wa juu, anadonoa, anatabasamu, na tunaanza. Tyuna hakuwa nayo wala hakuitaka.

Asubuhi ya mashindano tuliwasili mapema kwa basi. Mzee alikuwa anakuja kwa matatu na alikuwa amechelewa. Nikaona nisaidie. Nikaibana tyuna yangu kwenye mti wa nyatiti nikapiga uzi wa kwanza. Salaale! Ulikuwa chini kwa senti 30. Wa pili ulikuwa juu kwa senti 20. Wa tatu ulikaribia kuwa sawa, wa nne tena ulikuwa mbali. Nikasema moyoni, barabara mbovu imeiharibu nyatiti yote. Nikakaa pale dakika ishirini nikiipanga, uzi baada ya uzi, mpaka zote nane zikawasha taa ya kijani. Nilijiona fundi wa mafundi.

Tulipoitwa jukwaani, mwimbaji wetu, msichana wa Kidato cha Pili, alianza wimbo peke yake na sauti yake ilikuwa tamu kama kawaida. Nyatiti ikaingia. Nilimwona akishtuka. Alijaribu kuifuata, waitikiaji wakamfuata yeye, na wengine wakabaki kule walikozoea. Wimbo mmoja ukawa kama boma lenye wake wenza wasiosalimiana. Mwamuzi aliandika kwamba sauti na ala hazikupatana, tukawa wa nne, na walioendelea mbele ni wawili tu wa kwanza. Msichana yule alilia ndani ya basi akidhani kosa ni lake. Wengine walimwacha aamini hivyo, nami nikiwemo, kwa muda wa kilomita kadhaa. Hilo ndilo linaloniuma hata leo kuliko kushindwa kwenyewe.

Mzee alikuwa amefika tukiwa tayari jukwaani, akasikilizia nyuma ya ukumbi. Basi liliposimama alichukua nyatiti yake, akadonoa mara moja kutoka juu hadi chini, akauliza kwa upole, "Nani amezishika nyuzi zangu?" Nikainua mkono. Nikamwonyesha tyuna. Akaigeuzageuza, akanirudishia.

"Kijana wangu," akasema, "hiki kidude chako kimewahi kumsikia huyu binti akiimba?"

"Hapana, Mzee."

"Mimi nimemsikia miezi mitatu."

Nilisimama pale pale nikamwomba yule dada msamaha mbele ya wote.

Hebu nieleze kosa langu lilikuwa wapi, maana tyuna haikusema uongo. Zile senti 30 zilikuwa za kweli. Lakini tyuna inajua sauti kumi na mbili tu, zile za kinanda, zilizopangwa kwa umbali sawasawa wa senti mia mia. Mpangilio huo ni mapatano ya watu, na hata kwa kinanda chenyewe una kasoro yake. Kutoka do hadi mi kwenye kinanda ni senti 400, lakini mi ambayo haina mawimbi kabisa, ile ambayo waimbaji wakiachwa peke yao huiendea, iko kama senti 386. Wapigaji gitaa wanalijua jambo hili hata kama hawana maneno yake. Wanaipiga kodi ya E (hii si ile ya serikali), wanasikia uzi wa tatu unachoma kidogo, wanaulegeza mpaka E ipendeze. Halafu wanaipiga kodi ya C, na uzi ule ule sasa unanuka. Wanaulegeza na kuukaza mpaka jioni. Dawa ni kuikubali tyuna kwa gitaa, kwa sababu gitaa lina vyuma shingoni vilivyopangwa kwa hesabu ile ile ya kinanda, na linapaswa kupiga kodi zote, si moja.

Nyatiti haina vyuma shingoni. Haina kinanda cha kufuata. Inafuata koo la mwimbaji na wimbo wenyewe. Vile vile sisi kwenye kwaya tunatumia do, re, mi, na do yetu inahamahama kufuatana na sauti za waimbaji. Tyuna haijui do ni nani.

Je, tyuna haina kazi kwa nyatiti? Ina kazi kubwa, ila ni kazi ya ukarani. Baada ya mashindano nilimwomba Mzee ruhusa. Yeye anapanga nyuzi kwa masikio yake, akimaliza mimi naibana tyuna na kuandika inachosema, bila kugusa uzi wowote. Uzi wa kwanza, herufi fulani, chini senti 28. Wa pili, herufi fulani, juu senti 17. Hivyo hivyo mpaka wa nane. Kazi yenyewe si rahisi, maana nyatiti ina ule mvumo wake kama wa nyuki, na mvumo huo unaitia tyuna wazimu, herufi zikabadilikabadilika. Nimegundua kwamba ukigusa uzi kwa wepesi katikati yake kabisa huku ukiupiga, unatoa sauti nyembamba safi, yenye mitetemo mara mbili ya ile ya kawaida, yaani herufi ile ile, na mshale unatulia.

Nilifanya hivyo siku tatu tofauti. Siku ya pili namba zangu zote zilikuwa juu karibu senti 80, nikadhani nimekosea tena. Nilipotoa hesabu ya umbali kati ya uzi na uzi, nikakuta umbali ni ule ule wa siku ya kwanza, umetofautiana kwa senti tatu au nne tu! Mzee alikuwa amepandisha nyatiti nzima kwa sababu dada yetu siku hiyo alikuwa na sauti nyepesi. Nilirudia hesabu mara mbili nikiwa siamini. Mtu anaweka nyuzi nane, bila chombo chochote, na kosa lake ni dogo kuliko kile ambacho masikio yangu yanaweza kusikia.

Kikaratasi chenye namba hizo sasa kiko ndani ya mfuko wa nyatiti. Mwaka huu uzi wa sita ulilegea ndani ya basi, na Mzee hakuwepo. Nilitazama kikaratasi, nikatazama umbali wake na uzi wa tano, nikaukaza mpaka tyuna iliposema senti zile zile za Mzee, wala sikuigusa taa ya kijani. Kisha nikamwita dada aimbe mstari mmoja. Akaimba, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Mzee alipofika alidonoa nyuzi zote, akausogeza ule wa sita kwa kiasi cha unywele, akanitazama, akatabasamu. Nilipoipima tena baadaye, alikuwa ameushusha senti mbili.

Wanafunzi wapya wanaotaka kujifunza kulinganisha nyuzi wanakaribishwa kila Ijumaa baada ya masomo. Njooni na betri zenu.